Kambare wa Ziwa Duluti

Mdogo wangu Mwajuma, nakusalimu kutoka Arusha, ambako mvua zimeanza na Mlima Meru umejificha mawinguni.

Leo nimevua samaki katika Ziwa Duluti. Wameru hawali samaki, humwona kama nyoka, kwa hiyo kambare huachwa wakakua hadi kunifika kifuani. Nilimtoa jike mmoja, tumbo limejaa mayai. Tangu niondoke kwetu Ujiji nikiwa kijana nimetamani samaki kama yule. Hata hivyo nilimrudisha majini. Unakumbuka wale wakubwa waliokuwa wakipanda Mto Luiche kutaga, wakavuliwa mpaka wakakoma kuja.

Wanyapara wawili wa shamba la Mdachi walikuwa wameshawasha moto. "Mzee, umetunyang'anya kitoweo!" alifoka mmoja. "Kesho tunaleta baruti ya kung'olea visiki. Tuone utamrudisha nani!"

Mama wa Kimeru aliyekuwa akichota maji alicheka: "Wanaume wazima mnagombania nyoka!"

Alfajiri nitaingia ziwani kuoga, na nitaoga mpaka wachoke kungoja. Hawatathubutu kutupa baruti palipo na mtu. Niombee maji yasiwe baridi mno, na wajukuu uwakumbatie mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Kaka yako,
Hamisi