Nilichokuficha Kuhusu Mnyama wa Wajapani

Kalonda, ndugu yangu,

Wiki iliyopita Mado alinipeleka sinema. Binti yako huyo hana subira. Alinivalisha koti mwenyewe, akaniambia, "Papa Mwalimu, Wajapani wamemfufua yule mnyama wenu wa kule kambini. Safari hii wamemtengeneza kwa ajili ya watu wazima. Twende tukamcheke kwa niaba ya Papa." Tangu tukuzike sijatoka mtaa wetu huu wa Bertrams isipokuwa kwenda kliniki. Nikakubali.

Hakuna aliyecheka. Unamkumbuka yule wa zamani, mtu ndani ya ngozi ya mpira akikanyaga nyumba za makaratasi. Huyu wa sasa anatembea polepole kama mgonjwa, anavuja damu, na mji unaungua huku wakubwa wamekaa mezani wakibishana nani atie sahihi. Mado alininong'oneza, "Iko na njala," kisha akanishika mkono.

Kalonda, maneno hayo ni yangu. Hayakuwa ya Wajapani. Hilo ndilo nataka kukuambia kabla kifua hiki hakijanimaliza.

Unakumbuka ukumbi wa kambi ya wachimbaji wa madini, kule kwetu Likasi. Filamu zilikuja na maandishi ya Kifaransa chini, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma, kampuni ilinisimamisha kando ya pazia jeupe niwasomee watu kwa Kiswahili. Wewe ulikaa mstari wa pili na baba yako, naye ameshika leso yake ya kukoholea. Siku ya filamu ya mnyama, yule profesa mzee wa kwenye filamu alipozungumza kwa muda mrefu, ulipaza sauti: "Ee Kabamba, ule muzee anasema nini?"

Nikajibu kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo mnyama ni "nyama": "Anasema nyama iko na njala."

Ukumbi mzima ulicheka. Baba yako alicheka mpaka akainama.

Alichosema profesa ni kwamba mnyama alikuwa amelala chini ya bahari, bomu likamwamsha, na sumu ya bomu ndiyo iliyomharibu. Nami nilikuwa nimeshaambiwa na mwalimu wangu mawe ya bomu lililowaangukia Wajapani yalichimbwa wapi. Yalichimbwa kwetu. Baba yako aliyabeba kwa mikono mitupu miaka ya vita, na hakuna aliyemwambia ni ya nini.

Ningeweza kusema nilificha kwa kumwonea huruma. Si kweli. Mkurugenzi wa kampuni alikuwa mstari wa mbele, na mimi nilikuwa nimeomba kazi katika shule ya kampuni. Niliipata. Miezi michache baadaye baba yako akafa kwa kikohozi kile. Mkasema karogwa na shangazi yako, mkamfukuza nyumbani na watoto wake. Nilikuja msibani, nikala, nikaficha habari za mawe.

Nawe ukayabeba maneno yangu miaka hamsini na zaidi. Tulipohamia huku ugenini, uliyasema kwenye cherehani yako Doornfontein, mteja akilalamika. Mwaka ule tulipojifungia ndani, wageni kama sisi wakisakwa mitaani, uliwachekesha watoto nayo. Hata hospitalini, uliposhindwa kumeza maji, uliniomba, "Sema, Kabamba." Nikasema. Ukatabasamu.

Ulikufa na uongo wangu mdomoni.

Tulipotoka sinema, tukingoja robot, taa ya barabarani, igeuke kijani, Mado aliniuliza, "Papa Mwalimu, babu yangu alikufa na nini hasa?" Nikamwambia magoti yananiuma. Hata safari hii nilikwepa, Kalonda. Hata na umri huu.

Jumapili ataniletea uji kama kawaida. Nitamwambia yote. Kisha nitamwomba awapigie simu watoto wa shangazi yako kule Likasi, niongee nao mimi mwenyewe, hata wakinitukana. Pumzi ya hilo ninayo bado.

Pumzika, ndugu yangu. Tutakapoonana, kaa mstari wa pili pamoja na baba yako. Mniulize tena yule mzee anasema nini. Nitawasomea neno kwa neno, na sitaangalia nani amekaa mbele.

Kabamba wako