Stika ya Bima Uliyomwazima Twalibu

Muskat,
Mfungo Nne

Kwa ndugu yangu Athman,

Assalaam aleikum. Salamu nimeitanguliza kwa kuwa ni wajibu, si kwa kuwa moyo wangu umetaka. Mama hajambo? Kidonda chake kinaonekanaje sasa, kimeanza kukauka au bado kinatoa maji? Analala, au anakesha ameshika goti? Hayo ndiyo ninayotaka unijibu, tena kwa kalamu yako mwenyewe, si kwa kunitumia wasafiri waje waniambie "kwenu wote wazima, wanashukuru." Wewe sikuulizi hali. Nilikuacha umenenepa na sidhani umepungua.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa macho. Tangu nirudi kutoka huko kwetu Kuze, bi mkubwa wa duka ametubebesha kanzu za maharusi, zile za kushonwa shanga moja moja kwa mkono. Natoka asubuhi jua halijakolea, narudi chumbani shingo imekauka kama kuni. Chumba chenyewe tunakaa wanne, na mmoja wetu anakoroma. Sikuelezi haya unionee huruma. Nataka ujue ile karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye kioo cha gari inatoka wapi. Inatoka kwenye vidole hivi.

Juzi nimepata barua ya watu wa bima. Wamepandisha ya gari, na ya nyumba wameipandisha zaidi. Wanasema nyumba za mji wa kale zimeegemeana ukuta kwa ukuta, boriti za moja zikishika moto mtaa mzima umekwenda. Hilo nalijua, ndiyo sababu niliianza bima ile mwaka duka la nyuma yetu lilipoungua na Mama akatolewa nje na kanga aliyoivaa. Sasa zote mbili siziwezi. Kila kitu huko kimepanda, na hapa mshahara wangu haujui kama kuna kitu kinaitwa kupanda. Nimeshaamua la kufanya, lakini hutalisoma kabla hujasoma lililonifikisha hapo, kwani nakujua, utaruka mpaka mwisho uone kama kuna pesa.

Nilipokuja kwa Idi, jambo la kwanza nililouliza ni gari. Lile Datsun sikulinunua tupigiwe honi mtaani. Nililinunua daktari aliposema kidonda cha mtu wa sukari hakichezewi, kifungwe upya kila Jumanne na kila Ijumaa, na Mama asikanyage chini mwendo mrefu. Gari lile ni miguu ya Mama. Nilikuandikia hivyo, na wewe ukanijibu "nimefahamu, dada." Basi nilipofungua mlango wa nyuma nikapigwa na harufu iliyonirudisha hatua mbili. Ulikuwa umempa mtu akabebe vifusi na taka za uani kwake akazimwage jaani Kibarani. Gari la mgonjwa mwenye kidonda wazi, Athman! Na juu ya kiti anachokaa Mama kulikuwa na mduara wa mafuta, chapa ya sufuria la biriani la harusi ya watu wengine.

Nikalipeleka mwenyewe kwa Kahindi, fundi wetu wa Bondeni. Hukuwapo, kwa hiyo nakuhadithia. Aliingia chini ya gari, akakaa huko, akatoka anapangusa mikono bila kunitazama.

"Dada," akaniambia, "mimi hii gari naijua kama mwanangu. Kila mwezi yaja hapa ni majeruhi. Shokamzoba natia mpya, zarudi zimekufa. Hii yabeba mgonjwa ama yabeba mawe?"

"Yabeba mgonjwa," nikamwambia.

"Haya. Basi huyo mgonjwa ana uzito wa tani."

Alicheka, mimi sikucheka. Shokamzoba mbili, breki, na matairi ya mbele yaliyolika upande mmoja, zote nilizilipia kwa pesa niliyokuwa nimeweka ya kununulia Mama godoro. Godoro hakupata. Bado analalia lile la sufi lenye bonde katikati.

Nilipokuuliza wewe, ulinijibu neno moja. Muhali. "Wamekuja watu wazima mlangoni, dada, niwaambieje? Nawaonea muhali." Neno hilo, la kuona haya kumkatalia mtu, nimelisikia tangu nikiwa mtoto na nilidhani ni neno la watu wenye adabu. Sasa nikilisikia nataka kutapika.

Na nitakuambia kweli, maana sitaki uje useme Mwanaisha anajifanya malaika. Siku ya pili baada ya gari kutoka kwa Kahindi, alikuja Bi Salma wa nyumba ya pili, akakaa, akanywa kahawa, akaniuliza habari za Muskat, akanisifu nimetakata. Kisha, ameshika mlango wa kutokea, akasema, "Mwanangu, tuna vitu vidogo vya bibi harusi vya kupeleka Majengo, sijui kama kigari chenu..." Mdomo wangu ukasema, "Chukueni tu, Bi Salma." Ukasema wenyewe! Nilikuwa na hasira zote za dunia kifuani na bado mdomo ukasema chukueni. Vile vitu vidogo vilikuwa kabati na meza ya kioo, na vilifungwa kwa kamba juu ya paa. Nilisimama barazani nikatazama paa likibonyea. Kwa hiyo najua ugonjwa wako, nami ninao. Tofauti ni kwamba mimi niliona haya mpaka sikuweza kula, na wewe ulikula.

Sasa tufike kwenye ile Jumanne.

Mama alikuwa amevaa buibui, ameshakaa garini, mguu ameunyosha juu ya mto. Mimi nikazunguka mbele nikaona kioo kitupu. Pale penye stika ya bima pamebaki alama ya gundi. Nikakuuliza, "Athman, iko wapi bima?" Nawe ukajikuna shingo.

"Nalimuazima Twalibu," ukasema. "Yake imekwisha, na yuwapeleka watu harusini Malindi. Siku mbili tu, dada. Nalimuonea muhali."

Mimi nimekulia Kuze. Najua tunaazimana sufuria, mikeka, viti, taa, mapambo ya bibi harusi, hata viatu vya kuendea posa. Lakini wallahi sijawahi kusikia mtu ameazima bima! Stika ina namba ya gari letu. Nilikueleza haimfai Twalibu hata akiibandika kwenye paji la uso, ukanijibu askari hasomi namba, anatazama rangi tu. Rafiki yako wa baraza na ubao wake wa keram ukampa kinga ya Mama kama unavyompa kiberiti.

Nikasema tuite teksi, kliniki iko Bondeni, si mbali. Ukaniambia, "Ya nini teksi? Ni hapa na hapa. Mama ashakaa, tumteremshe tena?" Na mimi, kwa kuwa Mama alikuwa ameshatulia na nilichelea kumuumiza, nikapanda. Hilo ni kosa langu na nimelibeba mpaka huku.

Askari wa barabarani hakutazama rangi. Alitazama kioo kitupu, akatuambia tuegeshe, na haki ilikuwa yake. Ukaanza kumpa hadithi ya Twalibu na Malindi, eti ungemrudisha yule bwana aje athibitishe, mpaka yule askari akadhani unamcheza shere. Gari likapelekwa kituoni na sisi ndani yake. Mama aliwekwa kwenye benchi la mbao uani, mguu unaning'inia, jua linahama na yeye anahama nalo, na kila aliyepita alimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akaitikia marahaba kana kwamba yuko barazani kwake. Mimi nilipofanikiwa kupata teksi na kumfikisha kliniki, chumba cha kufungia vidonda kilikuwa kimefungwa. Mlinzi akatuambia turudi Ijumaa.

Ijumaa uliiona mwenyewe. Bendeji ilikuwa imeshikana na nyama. Yule muuguzi alipoifungua aliweka mkasi chini akaenda kumwita daktari. Jumatatu wakamkata kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto, na daktari akatuambia sote wawili, mimi na wewe, kwamba kinachofuata si kidole, ni mguu. Jumanne nikapanda ndege. Umenielewa? Nilimwacha Mama kitandani na kidole kimepungua nikaja kushonea maharusi wa watu shanga, ili nilipe bima ambayo wewe unaiazimisha.

Twalibu alirudisha stika siku ya pili baada ya sisi kukamatwa, imekunjika, na mkate wa sinia wa kushukuru. Ulinikatia kipande. Sikukupiga nacho kwa sababu Mama alikuwa anatutazama.

Haya, niliyoyaamua ni haya. Bima ya nyumba nimeiacha. Nyumba ya babu zetu ilisimama bila karatasi ya mtu tangu hatujazaliwa mpaka nilipoikatia mimi, na nikikosea basi nitakuwa nimekosea kuta. Mguu wa Mama sina ubavu wa kuukosea tena. Kwa hiyo kuanzia sasa uzime taa za kandili kabla ya kulala, na usiache jiko la mkaa ukumbini ukaenda zako keram. Ile nyumba ikiungua hakuna atakayetulipa hata tofali.

Bima ya gari nimeilipa, lakini stika haiji kwako. Nimewaambia wampelekee Mwanakombo, binti wa ami yetu, na ufunguo umkabidhi yeye siku unayopata barua hii. Usicheke. Mwanakombo ana leseni, anaendesha vizuri kuliko wewe, na amekataa posa tatu uso kwa uso, wazee wamekaa na kahawa mkononi. Mwanamke aliyeweza hilo ataweza kumwambia Twalibu hapana. Jumanne na Ijumaa atampeleka Mama. Siku nyingine gari litalala kwa Kahindi, nyuma ya geti, na Kahindi nimeshamwandikia. Watu watakuja mlangoni kwetu, watasema tumekuwa wachoyo, Uarabuni kumemharibu Mwanaisha. Waambie ndiyo, kumemharibu.

Nisalimie shangazi yetu anayelala na Mama, umwambie dawa ya kupaka niliyompa ni ya Mama, si ya mafua yake. Nisalimie Mwanakombo kwa mapenzi mengi. Kahindi mpe mkono wangu. Bi Salma mwambie nimemtaja. Twalibu simpi salamu, na akiniulizia mwambie hivyo hivyo.

Mama nilizungumza naye Alhamisi, kwenye simu ya duka la Bondeni. Mlikuwa mmemtia kwenye kiti, nilisikia kikivutwa. Aliniambia, "Mwanaisha, nasikia wataka kumwandikia nduguyo barua kali. Nakuomba, mwanangu, usiiandike. Si mwana mbaya, ni mlaini tu." Sauti yake ilikuwa ndogo, na aliniomba mara mbili. Mimi Mama sijawahi kumnyima kitu alichoniomba, tangu nizaliwe.

Nimemkatalia.

Dada yako,
Mwanaisha