Kwa Nini Scola Anasimamishwa Mbele

Malangali,
Sumbawanga.
16 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Monika,

Natumaini joto la Kabwe halijakuchosha na kile kifua kimepona. Sisi huku ni wazima, ila baridi inatuchapa na mahindi bado yako shambani. Naandika kwa sababu simu yako haipatikani. Wachuuzi wa samaki wa migebuka wanaotoka huko wananiambia mengine juu yako, nami sijawaamini bado.

Mwanao Scola hajambo. Nimempeleka chekechea ya kigangoni. Unajua mtoto yule asiyesikia nilikuwa simtoi hata sokoni, watu wasije wakamkodolea macho. Lakini kuna mwalimu mpya, Kija, binti wa wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Amesomea kufundisha dini watoto wote pamoja, wenye ulemavu na wasio nao. Alikuja kuniomba nimpeleke Scola, nikakataa, akarudi tena. Mtu mgeni anamtakia nini mtoto wa watu?

Nikakubali shingo upande. Haukupita muda nikasikia kila wakati wa sala Scola anasimamishwa peke yake mbele ya wenzake. Damu ilinichemka. Nikajisemea ndiyo hayo, wamemfanya kioja, au wanamwonyesha ili wafadhili waone huruma.

Jumatano nikaaga naenda mashineni kusaga, kumbe nakwenda kujibanza dirishani kwao. Nikamwona Scola anasali Baba Yetu kwa mikono, na watoto wote wanamfuatisha, hata wanaosikia. Bado nikaingia nikambana mwalimu. Akanijibu taratibu, "Mama Modesti, hapa Scola haonyeshwi. Anaongoza sala."

Niliona aibu. Huyo mwalimu bado namchunguza, ila sasa kimyakimya.

Jambo lenyewe ni hili. Jana Scola alinivuta kanga, akafanya ishara ileile tena na tena, akielekeza kidole kwenye barabara uliyoondokea. Nikampeleka kwa Kija anieleze. Anauliza mama yuko wapi. Muda wote huo tulidhani amekusahau kwa kuwa haulizi, kumbe alikuwa hajui aulize vipi.

Nimejifunza ishara ya "anakuja", lakini sijaitumia. Nangoja useme wewe.

Nisalimie shangazi Lucia na Adolfu wake. Mungu akutunze huko ziwani, akuonyeshe njia ya nyumbani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikununia,
Dominika