Jina la Nekesa limewekwa nyuma

Jumanne, Bungoma. Mvua tangu saa nane, matope mpaka mlangoni.

Wacha niseme wazi: bila mimi, sayansi ya mahindi hapa Kenya ingekuwa bado inatambaa. Niliachia darasa la saba, lakini maprofesa wanakuja kwangu na viatu safi, wanarudi na matope na akili.

Shamba la utafiti ni langu. Mpwa wangu Nekesa, mtoto wa dada yangu, alipanda hapo mahindi ya kupambana na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi. Misimu mitatu msichana anachuchumaa kwa jua, anahesabu gugu moja moja, anaandika kwa daftari. Profesa wake alikuja mara moja tu, siku ya wakulima. Akala kuku wangu.

Leo Nekesa amenipigia kutoka Kitale. Utafiti unaenda kuchapishwa na profesa ameweka jina lake mbele. La Nekesa ni la tano. Ati kwa watu wa chuo, wa jina la kwanza ndiye anahesabiwa kuwa mwenye kazi. Akilikosa, ile nafasi ya kusomea PhD anayoomba itaenda kwa mwingine.

Nikamwambia, "Nipe namba ya huyo mtu. Mimi nilishafukuza ndovu Mlima Elgon na mwiko wa ugali."

Akasema, "Mjomba, si hata wewe ulisema kazi ni yake? Alirekodi hotuba yako ya siku ya wakulima."

Nimeshinda na hayo maneno kifuani.

Bana, kwetu mgeni mkubwa akija anasifiwa. Unampa kiti, unampa firigisi, unampa maneno matamu. Sikujua maneno yanaweza kubeba kazi ya mtu.

Madaftari yake bado yako stoo kwangu, mwandiko wake, tarehe zake, na matope ya shamba langu. Kesho asubuhi nayafunga kwa nailoni, naenda nayo Kitale, chuoni kwao, mpaka kwa mkuu wa idara, niseme nilichoona kwa macho. Wakinifukuza, nitarudi Alhamisi. Na Ijumaa.

Lakini hapa niandike ukweli.

Siku ile nilishika kipaza sauti karibu saa nzima. Nilimtaja profesa, nikamtaja chifu, nikajitaja mwenyewe sijui mara ngapi, hata ng'ombe wangu anayetoa mbolea nilimtaja. Nekesa sikumtaja.

Na alikuwa nyuma yangu, amenishikia mwavuli.