Mpunga wa Karo

Jumatatu, 5 Mei

Nimemaliza kupandikiza konde la chini. Kiuno hakipo. Miche imesimama mistari kama watoto wa shule asubuhi. Hapa Kau hakuna konde zuri kama hili, na hilo si kujisifu, ni macho tu. Bi Esha jirani yangu amepita tutani, akatazama, hakusema kitu. Bi Esha akinyamaza ujue kazi ni nzuri.

Konde la juu ni la kula. La chini ni la Salama, binti yangu. Mpunga wake wote utauzwa Garsen uwe karo ya kuanzia. Mwanangu ana digrii tayari. Mimi niliishia darasa la saba. Sasa ameomba kusoma ya pili, ya ualimu, akafundishe Nanighi, bara huko juu ya mto. Mwaka jana alijitolea huko. Alikuta mwalimu mmoja anakimbia baina ya madarasa, watoto wanaandika mchangani kwa vidole. Alinisimulia huku analia. Sikujua mwanangu hulia kwa ajili ya watoto wa watu.

Alhamisi, 8 Mei

Kisimani nimewapa wanawake habari za Salama. Walishazisikia. Nimewapa tena.

Bi Esha akaweka ndoo chini. "Wenzake husoma watoke vumbini. Wako asoma aingie?"

Wakacheka wote. Ana haki ya kusema, binti yake ameolewa huko huko Nanighi, vumbi lake analijua. Nikamjibu, "Vumbi nalo lina watoto, Esha." Jawabu zuri lile. Nimerudi nalo njia nzima, nimefika nyumbani nikalisema tena peke yangu.

Mchana nimesinzia. Nimeota Salama amesimama mbele ya ubao mkubwa kama mbingu. Watoto wanamwitikia kwa sauti moja. Mimi niko dirishani na sinia ya wali, sina haraka ya kuingia. Nimeamka natabasamu.

Jumatatu, 12 Mei

Bamvua imeanza. Bahari imejaa ikausukuma mto nyuma, maji yamefika hadi mlango wa konde. Nimetia kidole, nimelamba. Chumvi kidogo. Sikufungua. Mto umekonda mwaka huu, mvua za bara zimechelewa, na mto ukikonda bahari huingia ndani yake. Mama alikuwa akisema ulimi kwanza, jembe baadaye. Nitajaribu kesho.

Jumanne, 13 Mei

Amekubaliwa! Mwanangu amekubaliwa!

Nilikuwa tutani simu ikalia. Ujumbe wa sauti yake: "Mama, wamenichukua. Septemba. Mama, umesikia?" Nimeisikiliza na kuisikiliza hadi betri ikaniomba radhi. Nimeimba. Nimecheza na jembe. Nimechomoa gogo la mgomba na tope linaloziba mlango wa konde, maji yakaingia kondeni yakimeta, na kila mche ukawa na mche mwenzake ndani ya maji. Nikasema hata mto umefurahi.

Kisha nikaenda nyumba kwa nyumba. Hakuna mlango niliouruka. Mama Mwalimu, ndilo jina langu sasa, nimejipa mwenyewe.

Jumatano, 14 Mei

Sikuonja.

Nimeamka nalo hilo. Nimekimbia bila viatu. Nimelamba. Chumvi, kama mchuzi uliokolezwa na wapishi wawili. Nimefungua maji yatoke na kupwa, yametoka, lakini udongo umeshakunywa.

Mtoto mdogo wa hapa hujua kuonja. Mimi, mtu mzima.

Ijumaa, 16 Mei

Ncha za miche zimekuwa kama zimepitishwa motoni. Kisimani sikwenda, nimechota mtoni maji yalipopwa, kwa mzunguko, nisionekane.

Salama amepiga simu kuuliza habari za konde. Nimemwambia mpunga unacheka. Nimeona aibu simu ikiwa bado sikioni.

Jumanne, 20 Mei

Njano yote. Ukivuta mche unakuja wenyewe, haushiki.

Usingizi wa mchana umeniletea ndoto mbaya na nzuri pamoja. Mpunga umeondoka kondeni, unatembea kwa mistari kuelekea bara, na mimi naufuata nikiuita kwa majina ya watoto. Haukugeuka.

Jioni Bi Esha akaja. Akainama, akachukua tope, akalamba.

"Hukuonja."

"Sikuonja."

"Furaha, eh?"

"Furaha."

Akaenda zake. Nilingoja acheke. Afadhali angecheka.

Alhamisi, 22 Mei

Salama amekuja. Pikipiki kutoka Garsen, kisha mtumbwi, na sketi nzuri ya mjini. Bi Esha ndiye aliyempigia. Nimemkasirikia Bi Esha kwa moyo wote.

Salama amekunja sketi akaingia kondeni. Amesimama katikati. Nimemwambia kila kitu, pamoja na ule uongo. Akaniuliza, "Ulifungua kwa ajili ya sauti yangu, Mama?" Nikasema ndiyo. Akaweka kichwa begani kwangu. Ananipita urefu, ilibidi ainame.

Alishawaomba chuoni aanze Januari. Wamekataa. Septemba, au aombe upya na mwenzake achukue nafasi. Kasema basi, hata bila cheti ataenda Nanighi. Nimemwambia hapana. Nimepiga kelele. Asiye na cheti hutolewa siku yoyote, na watoto wale watabaki na mchanga wao. Nataka aende na karatasi inayomshikilia pale.

Karo yenyewe hana. Wala mimi sina la kufanya. Nimesema tu.

Jumamosi, 24 Mei

Mto umebadilika rangi. Rangi ya chai ya maziwa. Mvua ya bara imefika hatimaye, vijiti na majani yanapita katikati, mto una sauti tena.

Nimeonja. Matamu! Salama naye kaonja. Tumefungua, maji yamejaa, yakipwa tunayatoa, yakijaa tunafungua tena. Tunaliosha konde kama sufuria iliyoungua. Lakini konde safi bila miche ni dimbwi tu. Kitalu changu kilikwisha.

Jumatatu, 26 Mei

Naandika na mikono inanuka tope, nafurahi.

Asubuhi nimemwona Bi Esha anakuja tutani na furushi kichwani. Miche. Ya mpunga wake wa haraka, ule unaoiva kabla ya wenzake, aliouotesha kwa ajili ya konde lake la pili. Akaibwaga miguuni pangu.

Nikafungua mdomo. "Usinishukuru," akasema. "Si kwa ajili yako na huo mdomo wako. Wajukuu wangu wako Nanighi. Mkubwa ana miaka tisa, jina lake hajui kuliandika." Kisha akamgeukia Salama. "Nawe, mwalimu, usiniharibie mistari."

Nami nikaambiwa sharti: kila nikijisifu kisimani, niseme miche ilikuwa ya nani. Nimekubali. Limenichoma kidogo, lakini nimekubali.

Tumepandikiza watatu hadi jua limelala. Bi Esha anaimba vibaya. Mistari ya Salama imepinda. Hilo sitamwambia mtu.

Jumatano, 28 Mei

Salama ameondoka na mtumbwi wa asubuhi. Kaniachia kitenge chake, kina harufu yake.

Bamvua tena. Maji yamepanda polepole hadi mlango wa konde, mazito, ya hudhurungi, yana harufu ya udongo ambao si wa kwetu. Mungu akijalia mpunga huu utawahi Septemba. Nimekaa tutani nikayatazama yakija. Ni ya bara haya. Yamepita Nanighi, pengine mtoto alichota ndoo ukingoni, yaliyobaki yakaendelea, yakapita Bura, yakapita Garsen, yakanifikia.

Nimetia kidole. Matamu.

Nimeonja tena, ingawa nilishajua. Kisha nikafungua.