Mama, Panda, Usimngoje Baba

Bukoba, Jumatatu asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo mama. Itikia kwa sauti hata kama uko peke yako hapo barazani Kibaoni, nijue nimeitikiwa. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Yustina kaniambia umeacha dawa kwa sababu zinakupa kizunguzungu. Na yule kuku mwekundu, amerudi? Mimi mwili mzima. Kichwa ndicho chenye kesi.

Najua unashangaa kuona karatasi. Nilikupigia simu mara tatu wiki iliyopita, na mara zote niliishia kukuuliza habari za kuku. Ulimi unagoma. Nimenunua daftari naandika kwa mkono, maana siku hizi nikiandika kwenye laptopu siamini kama ni mimi ninayeandika. Nitampa kondakta wa basi, na Baba Mdogo Alfonsi ataipokea stendi. Vaa miwani usome mwenyewe, asikusomee mtu.

Umeniuliza sana kazi yangu ni nini hasa, nami nakujibu tu "kompyuta, mama", kama mtu anayefukuza inzi. Leo nakueleza. Lile duka la pembejeo lililonileta huku lilipofungwa, nilikuwa nimeshazoea maswali ya wakulima. Nikafungua tovuti yangu mwenyewe. Mtu popote alipo akiandika kwenye simu "mpunga wangu umekuwa njano", anaukuta ukurasa wangu, anasoma bure. Pembeni kuna matangazo, na wenye matangazo ndio wanaonilipa kadiri watu wanavyokuja kusoma. Sasa ninazo tatu: ya mpunga, ya barua za kuombea kazi, na ya mishono ya vitenge. Sina bosi wala ofisi. Ndizo zinanilisha, ingawa zile mbili ni watoto tu, mlezi ni ya mpunga. Mama mwenye nyumba hakuamini hata kidogo. Mwaka jana alinisimamisha uani: "Editha, mtu hatoki, hauzi hata nyanya, mume hana, na kila siku kwake kunanukia samaki. Polisi wakija mimi nitasema sikujui." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wakati huo nilikuwa bado nacheka.

Sasa sikia nilichofanya. Ile ya mpunga mwanzoni ilikuwa na jina langu na picha yangu, na watu walinishushua. "Dada, umelima wapi na kucha hizo?" Wakaacha kuja. Kisha baba akafariki, tukazika, nikarudi huku, na haukupita hata mwezi, mama, nikatoa picha yangu nikaweka yake, ile ya kofia ya ukindu amesimama kwenye tuta la shamba letu la kijijini Mbingu. Juu nikaandika: Mzee Wilibadi, mkulima wa Kilombero, anakujibu. Sikuandika kwamba amekufa. Nikawa najibu maswali kwa sauti yake, na kila jibu nikalianza kama alivyokuwa akianza akiwa na jambo la kukwambia wewe: "Sikia, mwenzangu." Watu wakamiminika. Wa Mbarali, wa Kahama, wa Kyela, wanamwita baba, wanamtakia afya njema. Nami nikala, nikavaa, nikalala.

Ndiyo maana sikuja kwenye arobaini. Nilisema kazi, ulikuwa uongo. Niliogopa. Nilijua mtakaa mkekani ukoo mzima, unga utanyunyizwa kizingitini, na Baba Mdogo atamkabidhi mtoto wa kwanza jembe la marehemu pamoja na jina lake. Ningepokea kwa uso gani kitu ambacho nilikuwa nimeshajichukulia? Mkaliweka jembe nyuma ya mlango, mkasema jina litakaa nje mpaka Editha aje. Jina liko nje mpaka leo, na mimi huku nalitumia kila asubuhi.

Mambo yalianza taratibu. Naandika, nasikia mtu anasafisha koo mlangoni, vile vikohozi viwili vya baba kabla hajaingia ndani. Nikifungua, hakuna mtu. Nikasema ni upepo wa ziwani. Halafu mkulima mmoja wa Kyela akauliza afanye nini na kaa wanaotoboa matuta yake. Sikujua. Nikasema ngoja nibandike chai kwanza, nitafute. Kurudi na kutazama, jibu limeshaandikwa: kanda udongo wa mfinyanzi na pumba za mashineni, ziba tundu asubuhi kaa akiwa ndani. Nikampigia Baba Mdogo kumuuliza kama amewahi kusikia kitu hicho. Akasema: "Kaka alifanya hivyo mwaka mmoja tu, kule Kivukoni, kabla hatujaenda Mbingu. Wewe ulikuwa bado wa mgongoni. Nani kakwambia?" Jamani mama, nilisikia baridi mpaka kwenye meno.

Na bado niliendelea, maana ndiyo kazi. Mpaka likaja swali fupi lisilo na jina: jaruba la mpunga la chini maji yako magotini, miche iko tayari, nipande au ningoje? Nikajibu: "Sikia, mwenzangu. Usipande. Ngoja mpaka nikwambie." Sijui kwa nini niliandika mpaka nikwambie. Sijawahi kumwandikia mtu yeyote hivyo. Kesho yake mtu yuleyule akaandika tena: "Baba Editha, ni wewe?"

Duniani kuna mtu mmoja tu aliyekuwa akimwita hivyo. Niliifunika laptopu kwa kanga, nikatoka, nikaenda kukaa na mama mwenye nyumba kumsaidia kumenya ndizi.

Baada ya siku nne Baba Mdogo akapiga simu. "Mama yako kagoma kupanda. Maji yameshashuka, majirani wote wamemaliza. Bwana Masanja kaja na maksai wake kusawazisha jaruba, karudishwa. Miche inazeeka kitaluni. Anasema kaambiwa angoje. Tukimuuliza kaambiwa na nani, anatabasamu." Mama, hilo tabasamu ndilo linaniua.

Basi nakwambia kwa mwandiko wangu, ambao unaujua tangu nikiwa darasa la kwanza. Siyo yeye. Baba alikufa, na macho ulimfumba wewe mwenyewe. Aliyekujibu ni mimi mwanao, na nilikula kwa jina lake bila kupewa. Nisamehe. Ukitaka kunitukana nitukane, lakini usimngoje. Barua ikikufikia, kesho yake waite watu mpande miche iliyo hai, na isipotosha muombe kwa majirani. Ukikosa mpunga mwaka huu kwa ajili ya uongo wangu, sitakuwa na uso wa kukanyaga Kibaoni tena.

Jana nimetoa picha yake na jina lake, nikaandika ukweli wote, nikafunga na sanduku la maswali. Wasomaji wanaondoka tayari, naona. Nitajaribu kuishi kwa mishono na barua za kazi. Ikishindikana nitauza nyanya, mama mwenye nyumba afurahi. Mkishavuna nakuja. Mninyunyizie huo unga, mnipe jembe, jina liingie ndani, naye apumzike.

Msalimie Baba Mdogo Alfonsi, ndiye aliyenifumbua macho. Mdogo wangu Yustina mwambie asijilaumu kwa kukuonyesha ile tovuti kwenye simu ya kupangusa, alidhani atakufurahisha. Shangazi Benedikta, anayeongoza sala za jumuiya, aniweke kwenye sala. Na Bwana Masanja aombwe radhi, arudi na maksai wake.

Limebaki moja. Lile swali lako la pili sijalijibu, leo siku ya tisa. Nilijaribu mara moja tu. Nilitaka kuandika, "Hapana mama, ni mimi." Nilipoinua macho, kwenye kioo cha laptopu kulikuwa kumeandikwa, "Ndiyo, mwenzangu." Nikafuta. Sanduku nimelifunga, kwa hiyo hakuna jibu linalopaswa kutoka kule tena. Likitoka, mama, hata kama ni sauti unayoijua, usilisome. Mimi naandika kwa kalamu.

Mwanao wa kwanza,
Editha