Roketi Imepona, Lakini Sikio Langu Linasifiwa Bure

Rimma Arkadyevna mpendwa wa safu ya ushauri gazetini, nisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi wananipandisha jukwaani mbele ya karakana nzima, na mimi ni wa kupandishwa kizimbani.

Naitwa Yevsei Lukich, kiwandani wananiita Mjomba Yevsei, nina miaka hamsini na sita, shule niliishia darasa la nane na chuo cha ufundi nikakaa mwaka mmoja tu, lakini usinidharau, miaka thelathini sasa mimi ni mkaguzi wa vipuri vinavyoingia, hasa hivi vya ng'ambo, na hakuna kipande cha roketi kinachovuka mlango wetu bila muhuri wangu namba kumi na tisa, na mwanaanga mmoja, jina silitaji, aliwahi kunishika mkono akaniambia, "Mjomba, nikiwa kule juu napata usingizi kwa sababu yako," na hilo muulize yeyote, ingawa waliokuwepo wote wamestaafu.

Sasa sikiliza. Mwezi wa tano, siku ya Ijumaa, liliingia kasha la beringi kutoka ng'ambo, beringi arobaini, ndogo kama pete, za kwenda kwenye pampu inayosukuma oksijeni ndani ya injini. Kwetu kipuri cha mgeni hakiaminiwi hata kikija kimeshikwa mkono na baba yake. Kila kimoja kinakuja na pasipoti yake, cheti cha vipimo cha waliokitengeneza, lakini pasipoti unaiweka pembeni, unapima mwenyewe, dakika ishirini kila beringi, ndipo unagonga muhuri. Na wewe ni mtu wa huku, unajua Ijumaa ya mwezi wa tano ni nini. Mke wangu Kapitolina alikuwa ameshakaa stesheni na magunia mawili ya mbegu za viazi vya kupanda dacha, kishamba chetu cha nje ya mji, ananipigia simu kila dakika tano: "Yevsei, treni ya saa tisa hiyo inaingia! Nikienda peke yangu, mwaka huu viazi utakula vya jirani!" Nikaziangalia zile pasipoti, karatasi nzito, inang'aa, nembo ya rangi mbili, nikajiambia watu wanaoandika vizuri namna hii hawawezi kutengeneza vibaya, nikagonga muhuri mara arobaini, nikakimbia.

Nilipanda mistari kumi na minne, jirani yangu ana sita tu, lakini kila kiazi nilichofukia nilikiona beringi. Jumatatu nafika, kasha tupu. Zimeshachukuliwa, ziko ndani ya pampu. Na roketi ile, Rimma Arkadyevna, si ya mizigo, itabeba watu watatu.

Mwenye akili angesema ukweli hapo hapo. Mimi nilikwenda kwa mkuu wetu, Gleb Arsenyevich, nikashika sikio.

"Mkuu, zile beringi nazisikia vibaya."

"Unazisikia wapi, Mjomba? Ziko jengo la pili!"

"Ijumaa nilizizungusha karibu na sikio. Kuna iliyokuwa inakohoa. Zirudisheni, Alfiya azipime upya."

"Na muhuri uliugonga wa nini?"

"Niligonga, halafu sikio likanisumbua njia nzima."

Akainua simu. Pampu ikafunguliwa, kazi ya siku sita, mafundi wakanitukana mimi mpaka babu yangu. Alfiya, binti wa maabara ya vipimo ambaye huwa hacheki, akapima moja moja. Ya kwanza nzima. Ya kumi nzima. Kufika ya thelathini nilikuwa natafuta uso wa kuvaa. Ya thelathini na moja, akainua kichwa: "Mjomba Yevsei, hii ina ufa." Mpaka mwisho zikawa nne. Nne! Nikakaa sakafuni, Alfiya akaniletea chai, na sijawahi kunywa chai tamu kama ile, kwa sababu wale watu watatu nilikuwa nimewabeba kichwani zaidi ya wiki.

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu. Lakini walinizunguka, "Mjomba, ulisikiaje?" na mdomo wangu unajulikana. Nikasema nimerithi kwa babu, aliyekuwa akisikia barafu ya mto Volga inapasuka siku mbili kabla haijapasuka. Nikasema mwaka wa themanini na tisa nilisimamisha tramu kwa sababu gurudumu lilikuwa linalia, na hiyo ni kweli kidogo.

Sasa Gleb Arsenyevich ameandika agizo. Alhamisi picha yangu itundikwe Ubao wa Heshima mbele ya wote, na kuanzia kundi lijalo la beringi za ng'ambo Mjomba Yevsei asikilize kwanza, itakayonyamaza ipite, itakayokohoa ndiyo iende kwa Alfiya. Kasha jipya linafika Ijumaa. Alfiya alinifuata pembeni akasema, "Mjomba, nifundishe na mimi. Asubuhi nzima nimezungusha nzima na mbovu sikioni, zote kimya." Nikamjibu sikio lake bado changa.

Namshukuru Mungu roketi imepona, nakula vizuri, nalala vizuri. Lakini nikisema ukweli nanyang'anywa muhuri, na bila muhuri mimi ni mzee tu anayesimulia habari za tramu. Nikinyamaza, unaona mwenyewe. Nifanyeje?

Yevsei L., muhuri namba 19

*

Yevsei Lukich,

Barua yako ilifika Jumatatu, na sikungoja gazeti la Jumamosi. Nilikupigia siku ile ile, ukadhani nimetumwa na Kapitolina kukutania. Niliyokuambia nayarudia hapa kwa ruhusa yako, maana mjini humu wenye mihuri ni wengi.

Kwanza, pumua. Zile nne ziko mezani kwa Alfiya, haziko kwenye pampu. Uliwaogopea watu usiowajua ukafanya kitu. Hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya.

Sasa nikuseme. Kilichokusumbua njia nzima si sikio, ni dhamira, nawe ukaivalisha sikio ili upigiwe makofi. Mtu mzima mwenye mvi unamwambia binti aliyeukuta ufa kwa kifaa chake kwamba sikio lake changa! Huoni haya? Na muhuri usiulilie kama medali. Muhuri ni neno lako kwamba umepima. Ijumaa ile ulisema uongo mara arobaini, hata kwa zile thelathini na sita nzima.

Fanya hivi. Usingoje jukwaa, ukipanda utaanza habari za tramu. Kesho asubuhi nenda kwa Gleb Arsenyevich, Alfiya awepo, weka muhuri mezani kabla haujaombwa, useme: "Sikupima. Niliwahi treni. Sikusikia kitu, niliogopa." Usiongeze neno hata moja. Agizo lifutwe kwa maandishi kabla kasha jipya halijafika. Kisha mwombe Alfiya msamaha, na uombe kazi chini yake.

Wasomaji, alikwenda. Jumatano alinipigia: muhuri umechukuliwa kwa mwaka mzima, picha haitundikwi, na Gleb Arsenyevich alifoka mpaka vioo vitatu vikapasuka. Vioo nimeuliza, havikupasuka. Agizo limefutwa, hilo nimethibitisha.

Jana Ijumaa akapiga tena, sauti nyepesi kama ya mtu aliyevua buti zilizombana.

"Rimma Arkadyevna, tangu asubuhi tumepima kumi na nane. Ya kumi na saba ina ufa. Niliiiba kidogo nikaizungusha sikioni."

"Ikakohoa?"

"Kimya kabisa. Ingepita."

"Na Alfiya kasema nini?"

"Kasema nirudishe, na nifunge mdomo, tuna ishirini na mbili bado."

Mtii, Yevsei Lukich. Kapitolina mwambie treni zipo hata Jumapili.

Nawe mwingine uliyegonga bila kupima, unayesoma hapa ukijifanya si wewe: namba yangu iko chini ya ukurasa, lakini ya mkuu wako unayo tayari. Anza na hiyo.

Rimma Arkadyevna